Figo haikuumi kiuno, ndo maana inakuwahi

*Sista, kiuno kinaniuma wiki ya pili, figo zimefeli?*

Jamani, hili nimelijibu mpaka nimechoka. Kiuno mara nyingi ni misuli au pingili za mgongo, figo inayokufa taratibu haiumi. Kama una homa na mkojo unachoma, nenda hospitali leo. Ila hujaniambia unameza nini, na nahisi ni diklofenaki, ile dawa ya maumivu, ya duka la dawa asubuhi na jioni, sasa hiyo ndo inaweza kukuletea ugonjwa wa figo ambao hukuwa nao.

*Mkojo wangu una povu.*

Likipotea haraka usihangaike. Likiwa zito kama la Omo, linabaki hata ukimwaga maji, na ni kila siku, protini inavuja, kapime mkojo.

*Mama ana 58, ana presha miaka mingi. Akiamka uso umevimba, chakula hataki, usiku anajikuna. Majirani wanasema karogwa.*

Mdogo wangu, majirani waache kwanza. Bonyeza mguu wake juu kidogo ya kifundo, ukiachia shimo likabaki basi maji yamejaa mwilini. Muulize kama mdomoni anasikia ladha ya chuma, kama anatapika asubuhi, kama anachoka hata kufagia. Hizo zikija pamoja kwa mtu wa presha au sukari, kesho asubuhi apimwe kreatinini (taka ya kwenye damu ambayo figo hutoa) na mkojo, na akishindwa kupumua akilala chali au mkojo ukikata usisubiri kesho, mpeleke usiku huohuo. Nilimpokea baba mmoja kaja na kandambili, anasema viatu vyote vimembana mwezi mzima, alidhani kanenepa, kreatinini yake ilipita 1,400 wakati ya mtu mzima wa kawaida haifiki hata 120, tukamuanzishia kusafisha damu siku hiyohiyo na mpaka leo anakuja mara 3 kwa wiki, masaa manne kila akija. Presha alikuwa nayo ila dawa aliacha kwa sababu "alijisikia vizuri". Mama yako anameza zake kila siku? Hukusema.

*Naomba dawa ya asili ya kusafisha figo.*

Hakuna. Na hizo chupa za mitishamba wanazouza stendi zinaweza kuua hata figo zilizo nzima.

*Mimi nakojoa sana tu, so niko salama?*

Hapana. Figo mbovu inaweza kutoa mkojo mwingi na sumu ikabaki kwenye damu, na kama siku hizi unaamka mara tatu usiku kukojoa na zamani hukuwa hivyo, kapime sukari, presha na kreatinini wiki hii.