Sherehe ya mtaa Ngamiani: anzeni na mtendaji

Dada uliyeuliza namna ya kuandaa sherehe ya familia hapo Ngamiani, jijini Tanga, ili watu wazoee kushiriki mambo ya mtaa, ninakushauri uanze kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa kabla hujachangisha hata shilingi, kwa kuwa kufunga barabara na kupiga muziki kunahitaji idhini, na polisi nao wapewe taarifa mapema.

Chagueni saa za baada ya alasiri, mmalize kabla ya magharibi. Jua litakuwa limepungua, na kina mama watakuja na watoto bila wasiwasi. Michezo ya kuvuta kamba, kukimbia na magunia na bao la wazee itatosha, pamoja na vitumbua, bajia na maji ya madafu.

Jambo ambalo mimi ningelipa uzito ni sanduku la kura la watoto: wapeni karatasi, wapige kura ya siri kuamua, kwa mfano, mti wa kivuli upandwe wapi, kisha kura zihesabiwe hadharani na mti upandwe kweli, maana mtoto akidanganywa hapo hatasahau. Kandoni pawepo meza ya kueleza kwamba mkutano mkuu wa mtaa ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, si wa wajumbe peke yao.

Sare za vyama vya siasa zibaki nyumbani. Kanga za kawaida zinapendeza zaidi.