Maswali ya wasomaji: Namba naikagua, siri za kerneli zinavujaje?

SWALI: Naandika draiva ya Linux ya kifaa cha kupima unyevu wa udongo kwenye mashamba ya zabibu, Hombolo. Programu inatuma namba ya chaneli, n, kwa ioctl (wito wa programu kwa draiva), nami naitumia kusoma safu (array) ya chaneli. Ikifikia d->idadi (idadi ya chaneli, 16) au kuizidi, narudisha -EINVAL (kosa la "thamani batili"). Mwenzangu aliyepitia kodi anasema bado kuna tundu la Spectre, udhaifu wa prosesa unaovujisha siri inapobashiri njia ya kodi. Ukaguzi si upo?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Upo, na mwenzako hakukosea. Prosesa haisubiri jibu la if. Kama d->idadi haimo kwenye kache (kumbukumbu ndogo ya haraka ya prosesa), kuileta kutoka kumbukumbu kuu kunakula mamia ya mizunguko, na muda huo prosesa inabashiri njia na kusonga mbele. Mshambuliaji hutuma kwanza namba halali mara nyingi hadi prosesa izoee kupita, ndipo anatuma kubwa. Usomaji unatoka nje ya safu na kuingia kwenye kumbukumbu nyingine ya kerneli (kiini cha Linux). Prosesa ikigundua imekosea hufuta matokeo, lakini alama kwenye kache hubaki. Baiti iliyosomwa ikiamua anwani ya usomaji wa pili, anayepima muda wa kache anaitambua.

Tiba ya Meltdown (udhaifu mwingine wa prosesa), ya kutenganisha kurasa za kumbukumbu za kerneli na za programu, haisaidii hapa: anayesoma ni kerneli yenyewe.

Baada ya ukaguzi, kabla ya kugusa safu, weka:

n = array_index_nospec(n, d->idadi);

Makro hii imo linux/nospec.h. Inachuja namba kwa hesabu tupu isiyo na tawi (kama if) la kubashiri. Iliyozidi inageuka 0. Ukaguzi wako uache palepale, na n iwe unsigned.

Angalia sana hoja ya pili ndani ya mabano ya makro. Ni idadi, si namba ya mwisho. Ukiandika d->idadi - 1, chaneli ya 15 itageuka 0 kimyakimya, na mwenye shamba atamwagilia kwa vipimo vya chaneli nyingine. Kosa jingine ni kuhifadhi jibu kwenye kigezo kipya, kisha kusoma safu kwa n ya zamani.

Pasipo faharisi (namba ya nafasi kwenye safu) ya kuchuja kuna barrier_nospec(), ila hiyo husimamisha prosesa na ni ghali; usiimwage kila mahali.

Faili /sys/devices/system/cpu/vulnerabilities/spectre_v1 ikiandika "Mitigation", inazungumzia kinga za kerneli, haijasoma draiva yako. Ipitishe kodi kwenye Smatch, zana ya kukagua kodi bila kuiendesha, na kila onyo la "potential spectre issue" ulifuatilie mwenyewe, maana mengine ni ya bure.