Kabla hujalipia hoteli Jambiani, angalia mwezi kwanza

Mwaka juzi nilimpeleka mke wangu na watoto wetu wawili Zanzibar kwa mara ya kwanza. Sisi watu wa Dodoma bwana, bahari tumezoea kuiona kwenye kalenda ya ukutani. Nikaingia mtandaoni nikakuta hoteli moja ndogo ya Jambiani, kwenye picha maji ya bluu yanagusa ngazi kabisa, yaani mtoto akitoka kitandani anatumbukia, nikalipa palepale bila kuuliza swali hata moja. Tumefika saa nne asubuhi, watoto wameshavaa nguo za kuogelea tangu tuko kwenye daladala, tunazunguka nyuma ya hoteli tunakuta mchanga. Mchanga, vidimbwi, majani majani, ngalawa imelala ubavu, halafu mbaaali kule kuna mstari mweupe ambao ndo mawimbi yanapiga kwenye mwamba. Mdogo akaniangalia akaniuliza, "Baba, bahari imeenda wapi?"

Nikaenda mapokezi kuwaka kama mtu aliyeuziwa boksi la simu ndani kuna kipande cha sabuni. Kijana wa pale hakushtuka hata kidogo, akasema maji yametoka kaka, yatarudi. Aliyenisaidia kweli ni mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anapandisha kutoka huko mchangani na kiroba cha mwani kichwani, nguo zimeloa mpaka kiunoni. Nikamwamkia, "Shikamoo mama, hivi hapa watu wanaogelea saa ngapi?" Akacheka. "Marahaba mwanangu. Leo bamvua, njoo saa tisa utayakuta hapa hapa unaposimama."

Na kweli saa tisa yalikuwepo.

Sasa hiki ndo kitu ambacho hakuna tangazo la hoteli litakwambia, na nashangaa watu wanaandika kurasa na kurasa kuhusu Zanzibar hawakigusi. Bahari inajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake zinachelewa kama dakika 50. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa ndo umeandama, siku mbili tatu hizo ni bamvua, maji yanajaa sana na kutoka sana, tofauti ya juu na chini inaweza kufika mita 4 hivi. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yanapanda na kushuka kidogo tu. Uzuri wa Unguja ni kwamba ukishaujua mwezi umeijua na saa: wakati wa bamvua maji yanakupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni, wakati wa maji mafu ni kinyume chake, asubuhi ndo yamejaa. Wenyeji wanahesabu kwa tarehe za mwezi wa Kiislamu, kwamba tarehe 15 au mwezi mchanga ni bamvua, tarehe 7 au 8 ni maji mafu, wala hawahitaji programu ya simu. Mimi naitumia, siyo siri.

Kwa hiyo ukiwa na watoto wanaotaka kuogelea kutwa nzima, Paje, Jambiani na Bwejuu siku za bamvua zitakutesa asubuhi. Pwani ile ya mashariki imekaa kama sinia, haina kina, maji yakishuka kidogo tu yanakimbia mbali. Nenda Nungwi au Kendwa huko kaskazini, maji yanatoka lakini hayakuachi mkavu, unaogelea karibu saa yoyote na jua unaliona likizama baharini. Ila ujiandae, Nungwi ina watu, ina muziki usiku, na ina mapapasi, kila hatua tano mtu anakuuzia safari ya pomboo. Mwambie "ahsante kaka, sihitaji" kwa sauti ya kawaida huku unatembea. Usiseme "labda kesho", maana kesho atakuja kweli na jina lako analo.

Binafsi, pamoja na yote, Jambiani ndo imenibaki moyoni. Siku ya pili tuliamka tukaacha kununa, tukaenda kutembea huko huko maji yalikotoka, ukakuta kumbe ni shamba. Vijiti vimechomekwa safu safu, kamba zimefungwa kutoka kijiti hadi kijiti, na kila kamba ina mafungu ya mwani yamening'inia kama mboga sokoni. Wanawake wameinama wanavuna, wengine wanatafuta pweza kwenye matundu. Ukipita hapo omba njia, usikanyage kamba, na usipige picha bila kuuliza, ile ni kazi ya mtu. Na funika mwili kidogo jamani. Kijiji kinaanza pale pale mchanga unapoishia, watoto wanaenda chuoni, yaani madrasa, wazee wanatoka msikitini, kanga moja kwenye mkoba haikupunguzii raha.

Kosa langu la pili nalo nilifanya huko huko. Nilitoka na kandambili, moja ikanasa kwenye tope nikaendelea peku, nikakanyaga mmoja wa wale viumbe wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi. Maumivu yake siwezi kuyaelezea, ni kama sindano zimekatikia ndani, na kweli zimekatikia ndani. Wakanikalisha kwenye ngalawa, kijana mmoja akakimbia akarudi na papai bichi, akalichana kwa kisu, akawa anadondosha ule utomvu mweupe kwenye kila kitundu. Mke wangu anarekodi video. Kufika jioni nilikuwa naweza kukanyaga, japo miiba miwili niliondoka nayo mpaka Dodoma. Vaa yeboyebo zenye mkanda wa nyuma, au raba kuukuu, hata kama unaona aibu.

Jingine, ukienda mbali kuelekea mwambani muulize mtu wa pale muda wa kugeuza. Maji yakianza kurudi hayaji usoni kwako kama wimbi la kwenye sinema, yanajaza kwanza sehemu za chini zilizoko nyuma yako, unageuka unakuta kati yako na ufukwe kuna mto. Sisi tulirudi tumembeba mdogo mabegani, maji yamefika mapajani, na mzee mmoja mvuvi akatupokea kwa kugomba kama watoto wake. Nilinyamaza, alikuwa na haki.

Kuhusu boti ya kutoka Dar nasema kifupi, miezi ya upepo wa kusi, kama Juni mpaka Agosti, bahari inachafuka, kaa chini sehemu ya nyuma na usile chipsi mayai kabla ya kupanda. Machi mwishoni mpaka Mei ni masika, hoteli zinashuka bei ila mvua utaiona.

Desemba tunarudi. Hoteli ni ileile, na nilipomwambia mke wangu nimepata bei nzuri ya wiki ya pili, hakuniuliza ni shilingi ngapi. Alitoka nje akaangalia juu.