Maswali ya Wasomaji: Injini ya gari ndani ya mashua

SWALI: Mashua yetu ya uvuvi ina injini ya dizeli ya gari, silinda 4, kama farasi 40. Fundi alitoa rejeta akaunga pampu inayovuta maji ya bahari hadi ndani ya bloku. Mwaka haujaisha, inachemka tukiikimbiza. Ameitoa na themostati (valvu inayofunguka maji ya injini yakipata moto), bado inachemka. Tufanyeje?
Msomaji, Pangani

JIBU: Ni chumvi hiyo. Maji ya bahari yakivuka nyuzi 60 hivi huanza kuacha ukoko kwenye kuta za bloku, kama ule wa birika, na joto la silinda halipati pa kutokea. Hedi ikiwa ya alumini, nayo inaliwa.

Themostati irudisheni. Dizeli inataka nyuzi 80 hadi 85. Ikikimbia baridi mafuta hayaungui vizuri na silinda zinalika. Tena kuna injini ambazo themostati ikifunguka ndiyo huziba njia ya mkato. Ukiitoa, maji huzunguka humo humo bila kwenda kupozwa.

Dawa ni mizunguko miwili. Fungueni vizibo vya ubavuni mwa bloku, mkwangue, msukutue mpaka maji yatoke meupe. Kisha ndani ya injini yapite maji matamu tu: nusu kulanti (dawa ya maji ya kupozea injini), nusu maji yaliyopatikana kwa kupoza mvuke wa maji yaliyochemshwa. (Kulanti si ya nchi za barafu pekee, ndiyo inayozuia kutu.) Tangi lenye kifuniko cha presha likae juu kuliko kila kitu, la sivyo hewa itanasa kwenye hedi.

Maji ya bahari yaingie kwa koki, chujio, pampu ya impela (kigurudumu chenye mbawa za mpira), yapite ndani ya mirija ya kipozaji, ambamo hupoza yale maji matamu bila kuchanganyika nayo, yamalizikie kwenye ekzosi. Farasi 40 ni kilowati 30, na joto linaloingia kwenye maji hukaribia kiasi hicho hicho. Msinunue kipozaji chini ya hapo. Bahari yetu mwezi Machi hufika nyuzi 29 au 30, kwa hiyo chukueni saizi moja juu. Zinki yake (kipande kinacholiwa na chumvi badala ya kipozaji) ikiliwa nusu, badilisheni. Impela ikikatika, tafuteni kila kipande: huwa vimeziba mdomo wa mirija.

Wengi husahau hili: maji yakiingia kwenye ekzosi chini ya sentimita 15 juu ya usawa wa bahari, hozi ipandishwe upinde wenye tundu la hewa, kama sentimita 30 juu ya usawa huo. Bila hivyo, injini ikizimwa bahari hujivuta yenyewe hadi kwenye silinda.

Kuna wanaofunga mabomba ya kupozea chini, kando ya mkuku. Hayahitaji pampu ya maji ya bahari, na kwa tope la mlango wa mto yangefaa. Ila mashua inayolazwa ufukweni maji yakipwa itayaponda.

SWALI: Mashine yangu ya kufunga tezini inakojoa maji ya kupozea kidogo sana. Ni impela?
Msomaji, Mafia

JIBU: Chokoa kwanza kitundu inapokojolea kwa mshipi mnene, mara nyingi ni mchanga. Kikiwa safi na maji bado hafifu, fungua mguu, badilisha impela. Unapoiingiza, ipake maji ya sabuni, si grisi, na uzungushe shafti upande inakozungukia mashine ili mbawa zilale sawasawa.