Mzimu Uulizwe Tarehe Yake

Swali la wiki liliuliza hivi: hadithi za mizimu za vijijini Uingereza zina ukweli wowote, na mtu asiye mtaalamu azipimeje? Naona nyingi zina ukweli ndani yake, ila mara nyingi ukweli huo haupo pale msimuliaji anapokuelekeza. Kuufikia, uliza maswali matatu: hadithi iliandikwa lini kwa mara ya kwanza, imeshikamana na kitu gani cha kuonekana na kugusika, na nani alipata faida ilipoenea.

Kuna jambo ambalo msomaji wa kwetu anapaswa kulijua tangu mwanzo. Mzimu wa Kiingereza ni wa mahali. Haudai tambiko wala haumjali mjukuu wake. Hukaa mlangoni pa kanisa, kwenye njia panda, au kwenye kona ya barabara, na humtokea yeyote apitaye. Kwa hiyo ukiuchunguza, anza na jiwe, mbao na udongo wa pale unaposemekana kuwa, ndipo umgeukie aliyeuona.

Chukua mbwa mweusi wa Suffolk, mkoa wa mashariki mwa Uingereza, maarufu kwa jina la Black Shuck. Jumapili ya tarehe 4 Agosti 1577, watu wakiwa ibadani, dhoruba kali ilipiga kanisa la Bungay na la Blythburgh. Mwaka huohuo mwandishi wa London, Abraham Fleming, alitoa kijitabu akisema kwamba shetani katika umbo la mbwa mweusi alikatiza kanisani Bungay, akapita kati ya watu wawili waliopiga magoti na kuwanyonga shingo papo hapo. Mtu wa tatu aliguswa mgongoni akajikunja kama kipande cha ngozi kilichobabuliwa na moto, lakini hakufa. Fleming anaongeza kuwa nyaya na magurudumu ya saa ya kanisa yalipindwa na kukatikakatika.

Soma tena maelezo hayo ukimweka mbwa kando. Vifo vya ghafla, mwili uliobabuka, chuma kilichopindika, mnara mrefu katikati ya tambarare: hiyo ni radi. Kinga ya radi ya kuwekwa juu ya jengo haikujulikana hadi katikati ya karne ya 18, na mnara wa kanisa ndio uliokuwa kitu kirefu kuliko vyote kijijini. Kumbukumbu za kanisa la Bungay zinawataja wanaume wawili waliouawa na tufani ndani ya mnara wa kengele wakati wa sala. Mbwa hayumo. Kitabu kikubwa cha historia ya Uingereza kilichotoka mwaka 1587, ambacho Fleming mwenyewe alikuwa miongoni mwa wahariri wake, kinaeleza radi iliyopasua ukuta wa Blythburgh na kuwaangusha watu zaidi ya 20, akafa mwanamume mmoja na mvulana mmoja. Humo pia mbwa hayumo. Hata jina la Shuck, Fleming halijui. Lilichapishwa mwaka 1850, pale kasisi mmoja alipoandika juu ya mbwa wa kutisha wa njia za usiku huko Norfolk. Hapo ndipo unapoona hadithi mbili zilizokuja kuunganishwa: mbwa wa vichochoroni wa masimulizi ya wanakijiji, na kijitabu cha London kilichotafuta wanunuzi.

Mgeni akifika Blythburgh leo huonyeshwa alama nyeusi kwenye mlango wa kaskazini, akaambiwa ni kucha za mbwa. Zitazame kwa karibu. Kila alama ni kama tone la maji, pana chini na nyembamba juu, na imezama kwenye mbao. Kucha hukwaruza mistari inayofuatana, na radi huchana mbao kufuata nyuzi zake. Umbo la tone hutoka pale mtu anaposhika mshumaa mwembamba karibu na mbao, kwa kuuinamisha, na kuuacha hapo kwa dakika kadhaa. Mwali ukigusa kwa muda mfupi tu, kinachobaki ni masizi yanayofutika kwa kidole. Ili alama izame, lazima mkono utulie, na pengine kaa la juu likwanguliwe kisha mwali urudishwe. Watafiti wa majengo ya kale wamejaribu jambo hili kwa mikono yao, na alama za namna hiyo zinapatikana kwenye mihimili na milango mingi ya Kiingereza ambako hakuna aliyewahi kumtaja mbwa. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ziliwekwa kwa makusudi, kama kinga dhidi ya moto na uovu. Naye Fleming hasemi lolote kuhusu kucha mlangoni. Kwa hiyo ile alama inayotumika kama ushahidi wa shambulio huenda ni ushahidi wa watu waliokuwa wakijilinda. Kwangu hilo lina uzito kuliko mbwa.

Wakati mwingine chanzo ni cha kihandisi kabisa. Huko Dartmoor, nyika ya kusini-magharibi mwa Uingereza, kwenye barabara ya karibu na Postbridge, watu walidai kuwa mikono miwili yenye manyoya hushika usukani na kukuvuta ukingoni. Juni 1921 daktari wa Gereza la Dartmoor alikufa hapo akiendesha pikipiki yenye kigari cha pembeni. Watoto wawili waliokuwa kigarini walinusurika. Barabara ilipokaguliwa ilionekana imebinuka mno katikati na kuinama kuelekea kandokando, ikarekebishwa. Pikipiki yenye kigari upande mmoja tayari huvuta usukani. Iweke kwenye mwinamo kama ule, ongeza ukungu wa Dartmoor, na dereva atahisi hasa kwamba kuna anayemnyang'anya usukani. Aliyesimulia hakudanganya kuhusu alichohisi.

Hadithi inayotuhusu zaidi sisi Waafrika ni ya Bettiscombe, magharibi mwa Dorset. Katika nyumba kubwa ya pale limehifadhiwa fuvu la kichwa cha binadamu. Inasimuliwa kuwa ni la mtumishi Mweusi aliyeletwa kutoka kisiwa cha Nevis, Karibi, na familia ya Pinney. Kabla ya kufa aliapa kwamba roho yake haitatulia mpaka azikwe kwao. Akazikwa palepale kijijini, mayowe yakaanza, mifugo ikafa, mpaka mifupa ikafukuliwa, na fuvu likabaki ndani ya nyumba. Likitolewa nje, hulia. Katika miaka ya 1960 lilichunguzwa na mtaalamu wa maumbile ya mwili, akasema ni la mwanamke wa Kizungu wa umri wa kati ya miaka 25 na 30, wa zama za kabla ya historia. Jirani na nyumba hiyo kuna ngome ya kale juu ya kilima cha Pilsdon Pen, na inafikiriwa alitoka huko.

Wengi huishia hapo, wakacheka na kuondoka. Ni kosa, maana swali jingine halijaulizwa: mtu Mweusi aliingiaje katika hadithi ya kijiji cha Dorset? Mwaka 1685 Azariah Pinney alishiriki uasi wa Duke wa Monmouth dhidi ya mfalme, akahukumiwa, akapelekwa uhamishoni Nevis. Ukoo wake ukatajirika huko kwa sukari iliyolimwa na watumwa. Mmoja wa ukoo huo, John Pinney, alirudi Uingereza mwaka 1783 akajenga nyumba Bristol, ambayo leo ni makumbusho. Alikuja na mtumwa wake aliyeitwa Pero, aliyezaliwa Nevis, akafia Uingereza mwaka 1798 bila kuachwa huru. Bristol ina daraja la waendao kwa miguu lenye jina lake, lililofunguliwa mwaka 1999. Fuvu si la mtumwa, lakini wanakijiji walijua fedha za ile nyumba zilitoka wapi, na walijua mtu aliyezikwa mbali na kwao ana haki ya kulalamika. Rekodi za familia zilihesabu watu pamoja na mali. Hadithi ya kijiji ilimpa mmoja wao sauti, hata kama ilimpa mfupa usio wake.

Swali la faida lina jibu lililo wazi zaidi Borley, Essex, nyumba ya kasisi iliyojengwa miaka ya 1860. Mwaka 1929 gazeti la London lilimleta mchunguzi wa mizimu, Harry Price. Mwaka 1937 akaikodi kwa mwaka mmoja na kuweka waangalizi 48. Nyumba iliungua Februari 1939. Mwaka 1956 wanachama watatu wa jumuiya ya utafiti wa mambo ya roho walichapisha ripoti iliyomtuhumu Price, aliyekwisha kufariki, kwamba baadhi ya mambo aliyatengeneza mwenyewe. Ule mzimu wa mtawa wa kike aliyetoroka na mtawa wa kiume wa monasteri ya Borley nao una tatizo: monasteri haikuwahi kuwepo Borley. Waliofaidika ni gazeti na mchunguzi. Sitakaa sana hapo.

Kwa anayeishi Uingereza na anataka kuchunguza hadithi ya kijiji chake, aanze na ramani. Ramani za Ordnance Survey, idara ya taifa ya upimaji, za inchi sita kwa maili, zilizoanza kutolewa miaka ya 1840, zinapatikana bure kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Scotland. Angalia kama nyumba, njia au daraja la hadithi lilikuwepo. Kisha nenda ofisi ya kumbukumbu ya mkoa uombe rejesta za parokia, yaani vitabu vya ubatizo, ndoa na maziko. Ziliamriwa mwaka 1538, ingawa parokia nyingi zimepoteza kurasa za mwanzo. Uliza pia hesabu za wazee wa kanisa, maana humo huandikwa gharama za kutengeneza mlango, kamba ya kengele au paa, na gharama hazina sababu ya kutia chumvi. Mwisho yapekue magazeti ya karne ya 19.

Linaloharibu kazi mara nyingi ni vitabu vya mwongozo wa mizimu vilivyojaa madukani miaka ya 1960 na 1970. Vilinakiliana, kwa hiyo ukikuta habari moja katika vitabu vitano bado una shahidi mmoja. Kosa la pili ni kukubali haraka maelezo yanayosikika ya kisomi. Mtu akikwambia wafanya magendo walizusha mzimu ili watu wasitoke usiku, mwombe kumbukumbu ya forodha au ya mahakama ya mahali hapo. Asipokuwa nayo, amekupa ngano nyingine badala ya ile ya kwanza.

Na usisahau sheria. Karibu na Hound Tor, Dartmoor, kuna kaburi kando ya njia liitwalo Jay's Grave, ambalo halikosi maua mabichi. Wasimulizi husema ni vibwengo huyaweka. Mnamo mwaka 1860 mifupa ya msichana ilipatikana hapo, ikawekwa kwenye jeneza na kuzikwa upya palepale. Inasemekana alikuwa yatima aliyejiua. Mahali penyewe panaafiki simulizi: aliyehukumiwa kuwa amejiua kwa akili timamu alizikwa njia panda, mara nyingine kwa kupigiliwa kigingi, mpaka sheria ya mwaka 1823 ilipokataza. Baada ya hapo aliruhusiwa kuzikwa makaburini, ila kati ya saa tatu na saa sita usiku, na bila ibada. Sharti hilo la usiku liliondolewa mwaka 1882. Ukisikia mzimu wa njia panda popote Uingereza, tafuta kwanza mpaka wa parokia kwenye ramani, kisha tafuta taarifa ya uchunguzi wa kifo ya kabla ya 1823. Mara nyingi unayemtafuta ni mtu wa kweli aliyenyimwa kaburi.