Usifungue hicho kitabu kabla mwimbaji wako hajaimba

Mkuu, simama hapohapo. Umeuliza ununue spika gani, maiki gani, na umtajie bei gani mwenye hoteli ya Capri Point, Mwanza, anayetaka wewe na gitaa lako pamoja na dada mmoja mpige jazi za zamani kila Ijumaa. Ila katikati umeandika kwamba kodi za gitaa (chords) unazikariri kwenye Real Book, kile kitabu cha noti za jazi, kama zilivyo, "yeye atazoea". Kazi mtaipotezea hapo.

Hatazoea. Koo halizoei.

Maneno hayohayo niliambiwa na mwalimu aliyekuwa akinitoza pesa kwa saa: kii (ngazi ya sauti ya wimbo) ya kitabuni ndiyo kii ya wimbo, mwanamuziki wa kweli habadilishi. Sijawahi kumwona akimpigia mwimbaji hata kwenye sendofu. Nikamwamini, tukafanya mazoezi ya nyimbo zote hivyo. Siku ya kazi awamu ya kwanza ikapita. Ya pili, dada wa watu anazifukuzia noti za juu kwa kupiga kelele, wateja wameacha sato wao wanatutazama. Ananinong'oneza nishushe. Nishushe vipi, wakati vidole vimekariri sehemu moja tu? Nikabana kapo, kile kibanio cha nyuzi. Kapo inapandisha tu, haishushi! Ili kushuka nusu toni tano ikabidi niibane freti ya saba, yaani chuma cha saba kwenye shingo ya gitaa (kupanda saba hukufikisha kwenye noti zilezile, ila juu), gitaa likabaki na sauti nyembamba juu huko, na besi yetu ilikuwa gitaa hilohilo. Mkataba ukakatwa mwezi haujaisha. Sauti yake ilikauka kabisa, na mpaka leo hataki kuimba nami. Yule mwalimu bado anafundisha, na hilo linaniuma kuliko pesa.

Kitabu chenyewe kilianzia Boston miaka ya 1970, kwa wanafunzi wa chuo cha muziki cha Berklee, watu wa vyombo. Kii nyingi mle zinawafaa wapiga tarumbeta na saksafoni. Wanawake wengi huimba nyimbo hizo nusu toni tano hadi saba chini yake.

Kwa hiyo: sauti kwanza, kii baadaye, kodi mwisho. Muite jioni akiwa ameshaimba kidogo, gitaa liache kwenye mkoba. Aimbe wimbo mzima kwa sauti ya maongezi, amesimama. Tafuta noti yake ya juu kabisa. Aweze kuishika taratibu, bila kukunja uso. Kisha ya chini kabisa, kwa sababu pale nje upepo wa ziwa na vicheko vya mezani vinameza noti za chini. Kii ni ile inayopita katikati ya hizo mbili. Andika kwenye daftari, wimbo kwa wimbo. Ikiangukia penye kodi ngumu, hiyo ni shida yako na vidole vyako, yeye hana freti shingoni.

Halafu wasikilize mpiga gitaa Joe Pass na mwimbaji Ella Fitzgerald, rekodi yao ya 1973, gitaa moja na sauti moja. Sikiliza Joe anavyompisha Ella akianza kuimba.

Maiki tutaongea ukishaniletea orodha ya kii zake.