Kutafuta neno kwenye kolamu kadhaa kwa mpigo

Mkuu umeuliza kwa nini ukitafuta "meza" kwenye jina na maelezo ya bidhaa unaletewa hata zisizotakiwa. Hiyo kweri yako (ombi la SQL kwa hifadhidata), WHERE jina LIKE '%meza%' OR maelezo LIKE '%meza%' AND hali = 1, inakuletea mpaka bidhaa zilizozimwa (zisizo na hali = 1) kwa sababu AND inashikwa kwanza kabla ya OR, yaani hali = 1 inaenda na maelezo peke yake, jina halibanwi kabisa. Funga mabano tu: WHERE (jina LIKE '%meza%' OR maelezo LIKE '%meza%') AND hali = 1, itatulia.

Sasa mtu akiandika "meza nyeusi" na meza iko kwenye jina ila nyeusi iko kwenye rangi, hapo OR haitakusaidia. Unganisha kolamu: CONCAT_WS(' ', jina, rangi, maelezo) LIKE '%meza nyeusi%', ila hii inakubali pale tu maneno hayo yanapofuatana baada ya kuunganishwa. Kwenye MySQL usiweke CONCAT ya kawaida, kolamu moja ikiwa NULL (haina thamani) basi jibu zima linageuka NULL na rekodi inapotea kimyakimya, hii inasumbua watu sana.

Ila data ikiwa nyingi LIKE yenye % mwanzoni (% ni herufi zozote) haitumii indeksi ya kawaida, ile orodha ya kuharakisha utafutaji, inapitia jedwali zima. Tengeneza indeksi ya maneno, FULLTEXT(jina, rangi, maelezo), halafu MATCH(jina, rangi, maelezo) AGAINST('+meza +nyeusi' IN BOOLEAN MODE), alama ya + inamaanisha neno lazima liwepo, kolamu ziwe zilezile za kwenye indeksi, na hapa hata mpangilio wa maneno haujalishi. Maneno ya herufi 2 InnoDB (injini ya kuhifadhi data ya MySQL) inayaruka, kiwango chake cha chini cha kawaida ni 3.

Na tafadhali neno la mtumiaji lipitishe kama parameta (thamani inayotumwa kando ya kweri), usiligandishe ndani ya kweri.